Fazi ya Baba

3 Februari

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko mnarani. Huenda hunikumbuki. Mimi ni binti wa kaka yako, uliyeniacha nikiwa na miaka sita na meno ya mbele hayapo. Sasa meno yapo, na shuleni wananiita Msomi, ingawa wakisema hivyo huwa hawanisifu. Mama hajambo. Ameletewa sare mia mbili za kushona na cherehani inalia kuanzia asubuhi, hata mimi nikifumba macho naiona sindano.

Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha ya zamani iliyokuwa ndani ya kopo la vifungo. Naandika kwa sababu kwenye simu maneno hunikwama, na pia Mama aliwahi kusema kwamba unatunza mnara wa simu mkubwa kuliko yote lakini simu yako haishiki. Nilicheka kidogo. Samahani.

Baba alipata kiharusi mwezi wa kumi. Upande wa kulia hauna nguvu na hasemi. Daktari anasema huenda anatusikia na huenda hatusikii. Nilimuuliza huenda ipi ni kubwa zaidi, akaangalia saa yake.

Sasa jambo lenyewe. Chini ya kitanda nimekuta gitaa la Baba, na kwenye mfuko wa ala yake kulikuwa na karatasi yenye mchoro kwa mwandiko wako: fazi, kile kisanduku cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa. Mama anasema watu walikuwa wanakuja kuisikia fazi hiyo kabla hata ya kumsikia mwimbaji, na kwamba ulimuundia Baba wewe mwenyewe mezani kwa bibi. Anasema Baba aliitupa mwaka alioacha kupiga. Nilipouliza kwa nini aliacha, alisema, "Vidole vilimchoka," kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu.

Nimeiunda upya. Mwalimu wetu wa fizikia, tunayemwita Volti, amenipa transista za kofia ya bati kutoka kwenye redio mbovu za maabara. Redio kubwa ya sebuleni ndiyo amplifaya. Lakini sauti ni mbovu. Uzi ukipigwa, inatoka kama kitambaa kinachochanwa, halafu inakatika ghafla kabla uzi haujanyamaza, kama mtu aliyekohoa katikati ya neno.

Nilimpigia Baba hivyo hivyo. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kikasogea juu ya blanketi, mara tatu, kama anayehesabu mapigo. Inawezekana ni bahati tu. Lakini kama fazi mbovu imefanya hivyo, nzima je? Tafadhali nisaidie kuipata ile sauti yake.

Mwanao,
Msomi


27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imekaa siku kumi na mbili kwenye gari la dizeli, chini ya tairi la akiba, ndiyo maana ina alama ya duara. Gari hilo huja kila baada ya wiki tatu. Mimi sijambo. Hapa tupo mimi, jenereta na mlinzi mmoja anayeongea na jenereta kuliko anavyoongea na mimi. Mpishi ni mimi na mlalamikaji wa chakula ni mimi vilevile.

Meno nayakumbuka. Ulikuwa unang'ata waya zangu.

Fazi. Kosa lako nalijua bila kuiona. Transista ya pili umeigeuza. Mchoro ule nilichora miguu mitatu kama inavyoonekana ukiitazama kwa chini, upande wa miguu, nawe umeisoma kama inavyoonekana kwa juu. Ya kwanza ina alama pembeni, ndiyo maana uliipatia. Ing'oe, igeuze. Usiiwashe tena ikiwa vile, utaiunguza. Ukishamaliza, badilisha pia kapasita ya kuingilia, maana za redio mbovu huwa zimekauka. Weka betri mpya. Lehemu upya waya wa ardhi. Halafu pima kwa mita mguu wa kolekta wa ile transista ya pili. Ukipata nusu ya betri, yaani volti nne na nusu, umefika. Isipofika, badilisha rizista yake mpaka ifike.

Na kifundo cha kuzungushia sauti: kwenye fazi ya kwanza nilikiunga kinyume, ukizungusha upande wa kulia ilikuwa inafunga sauti. Bendi nzima walinicheka, wakanipa jina la Injinia. Baba yako alizoea vile, akawa anafunga kwa upande wa kulia wakati wenzake wanafungua. Wewe unga kama watu.

Usimwambie shemeji kwamba nimeandika. Kaka msalimie, kama ile huenda yenu ni ile nzuri.

Baba Mdogo wako


15 Machi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimeipokea barua na nimeificha ndani ya kitabu cha jiografia, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba hii atakayeenda kutafuta. Mama hajambo. Sare zimekwisha, sasa anashona mapazia ya ofisi fulani.

Nilifanya yote matano Jumamosi moja. Transista ya zamani ilivunjika mguu nikiing'oa, nikaweka nyingine. Kwanza kukawa na mngurumo mkubwa, nikahangaika nao saa nzima, nikagundua kwamba Mama akiacha kukanyaga cherehani yake ya umeme, mngurumo unaacha. Nikamwomba apumzike kidogo. Akasema, "Kumbe ili wewe usikike, mimi ninyamaze?" Lakini alipumzika.

Mita ilisoma nne nukta sita. Volti alikuja nyumbani kuiona, akapiga makofi, mimi nikaangalia viatu vyangu. Sauti sasa ni ndefu na nene, unapiga uzi mmoja na unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ikiwa bado ipo.

Kidole cha Baba hakijasogea. Nimempigia kila siku nikitoka shule, wiki nzima sasa. Anatazama dirisha. Mama alisema, "Inapendeza, mwanangu," kwa sauti ile anayotumia kwa mteja ambaye nguo imembana.

Kuna kitu nimekosea. Niambie ni nini.

Msomi


9 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mvua zimeharibu barabara ya huku juu, gari limekuja nusu tupu. Mlinzi amefiwa na jenereta yake. Nimempa pole, namsubiri fundi. Shemeji mpunguzie kazi ya kuchota maji.

Uliyoniandikia nimeyasoma. Volti nne nukta sita ni sawa kabisa. Angalia joto: transista za kofia ya bati huchoka zikipata jua, usiiweke dirishani. Nyuzi za gitaa zikiwa na kutu, badilisha. Jaribu kupunguza sauti ya redio.

Zaidi ya hapo sina. Sauti ikiwa ndefu na safi, fazi ni nzima. Kilichobaki ni vidole vyako.

Baba Mdogo wako


2 Mei

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa Baba anakula kidogo. Mama amempunguzia mashati yote kiunoni na mabegani, anasema ni kwa ajili ya joto.

Nilipopata barua yako niliona umesema kweli. Nilichukua kitabu cha gitaa maktaba na nikajifunza mpaka ngozi ya ncha za vidole ikatoka, nikashindwa kushika kalamu kwenye mtihani. Nilikuwa nimeanza kufikiri niache, maana pengine hiyo imo kwenye damu. Baba vidole vilimchoka, na vyangu vimezaliwa vimechoka.

Halafu jirani yetu mwenye saluni alisikia nikipiga. Akaingia bila kubisha, dawa ya nywele ikiwa bado mkononi, akasema, "Wewe mtoto, hiyo siyo! Ya baba yako ilikuwa inachana! Ulikuwa ukiisikia unajishika nguo kuona kama ni yako!" Mama akamwambia arudi kwa mteja wake kabla nywele hazijaungua. Kesho yake akaniletea kaseti. Zamani alikuwa anaitikia nyuma ya bendi.

Nimeisikiliza mara kumi na moja. Baba Mdogo, sauti iliyo kwenye kaseti ndiyo ile mbovu ya mwanzo. Inachanika na kukatika vilevile. Kila uliponielekeza, fazi ilizidi kuwa nzuri na kuzidi kutofanana.

Nilibadilisha vitu vitano siku moja, sijui ni kipi. Nimerudisha kapasita ya zamani. Nimeweka betri iliyokwisha. Nimelegeza waya wa ardhi na kuirudisha rizista ya kwanza. Hakuna. Transista sijaigusa, kwa sababu uliandika kwamba ikigeuzwa itaungua, na Volti ana moja tu iliyobaki.

Wewe ndiye uliyeiunda. Ulifanya nini mle ndani? Nijibu upesi, tafadhali. Siku hizi Baba analala zaidi.

Msomi


11 Juni

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimehesabu: gari la dizeli limeshakuja kwako si chini ya mara moja, labda mara mbili. Kama barua yangu ilipotea chini ya tairi, nitaiandika tena, maana nina nakala.

Baba alipata kiharusi cha pili tarehe ishirini na nane. Tulikaa hospitali siku tisa. Daktari sasa hasemi huenda. Amesema, "Kaeni naye nyumbani," na Mama akamshukuru. Ndipo nilipojua, kwa jinsi alivyomshukuru. Hafuati tena kidole kwa macho. Mkono wa kushoto unaamka mara mojamoja, unatafuta kitu shukani, unalala.

Mama ameiona bahasha yako ndani ya jiografia. Nilidhani atakasirika. Aliishika tu, akaangalia mwandiko, akasema, "Yupo, basi." Nilimuuliza wewe na Baba mligombana nini. Akasema hamkugombana. "Siku ile walirudi kutoka kwenye onyesho, kila mmoja kaingia mlango wake. Baba yako akakaa hapo akitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Asubuhi Injinia hayupo."

Siandiki kukulaumu. Naomba tu uniambie ni kitu gani kati ya vile vitano.

Msomi


20 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Barua zako hazikupotea. Ya mwezi wa tano ilifika, nikaisoma na kuiweka ndani ya daftari la jenereta, na kila saa sita nilipofungua kuandika kiwango cha mafuta niliiona. Ya pili ikaja, nikaiweka juu yake. Hakuna gari wala mvua ya kusingizia.

Ni transista. Igeuze, irudishe kama ulivyoiweka mwanzo. Haiungui. Nilikudanganya.

Nilipounda fazi ile nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilichora mchoro kwa kuunakili kwenye kitabu, miguu ikiwa imetazamwa kwa chini, halafu nikausoma mchoro wangu mwenyewe kana kwamba nimetazama kwa juu. Kosa lile lile ulilolifanya wewe, kwenye transista ile ile. Sikujua. Ilitoka ile sauti inayochanika, kaka akaikanyaga mara moja, akanibeba mabegani akazunguka nami ua mzima. Watu walipouliza nimefanyaje, nilisema ni siri ya ufundi.

Miaka tisa baadaye nilisomea redio. Nikaifungua fazi siku moja kabla ya lile onyesho kubwa, nikaona kosa langu. Niliona aibu peke yangu mle chumbani. Nikaigeuza, nikapima, nikapata volti nne na nusu, nikafunga skrubu. Nilidhani nampa zawadi. Sikumwambia, nilitaka ashangae.

Alishangaa. Alikanyaga, ikatoka sauti ndefu, tamu, ambayo hakuna mtu aliyeijia. Akasimama katikati ya wimbo. Akakanyaga tena. Watu wakaanza kupiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Leo kamleta pacha wake!" Alikuja nyuma ya jukwaa akaniuliza, "Umefanya nini humu?" Ningejibu pale pale, ningeirudisha kama zamani kwa dakika kumi. Nilimwambia, "Sijafanya kitu. Ni vidole vyako."

Aliniamini. Hilo ndilo ninaloishi nalo huku juu. Hakubisha hata kidogo. Alivitazama vidole, akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Nawe nimekuandikia maneno yale yale mwezi wa nne. Nilipoyaandika mkono haukusita, nikajua kwamba sijabadilika.

Barua yako ya kwanza ndiyo iliyokuwa na fazi yake kamili, na kidole chake kikaisikia. Mimi ndiye niliyekuambia uiharibu. Miezi mitano ambayo angeweza kusikia nimeila mimi.

Sina haki ya kukuagiza, lakini nakuomba. Igeuze, mpigie, halafu msomee barua hii. Mwambie vidole vyake vilikuwa vizima.

Injinia


14 Agosti

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Amesema niandike hivyo, sijatunga mimi. Shule tumefunga. Mapazia yale ya ofisi yamerudishwa kwa sababu ni mafupi. Mama hakuwahi kukosea kipimo kabla ya mwaka huu.

Barua yako ilifika Jumanne asubuhi. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni, halafu nikaenda kwa Volti kuchukua ile transista iliyobaki, nikaiweka kinyume. Mita ikasoma vibaya kabisa. Nikapiga uzi mmoja. Mwenye saluni akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, jamani!"

Nilisubiri mpaka Baba afumbue macho. Nikaweka fazi kitandani karibu na mkono wake wa kushoto, kwa kuwa waya ni mfupi. Niliupiga ule mwanzo wa kwenye kaseti. Niliupiga vibaya, lakini ulichanika na kukatika pale unapotakiwa. Kisha nikamsomea barua yako, yote, pamoja na ile sehemu ya kumbeba mabegani. Nilipofika "vidole vyake vilikuwa vizima" niliisoma mara ya pili kwa sauti zaidi. Hakunitazama. Alikuwa anatazama dirisha, au upande lilipo dirisha.

Nikapiga tena. Mkono wake ukaamka. Ukatambaa shukani polepole, ukaifikia fazi, vidole vikakipata kifundo cha sauti bila kupapasa, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Akakizungusha upande wa kulia. Sauti ikapanda. Akaendelea. Ikapanda mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, na yeye bado anasukuma upande huo huo, kifundo kimeshafika mwisho, vidole vinasukuma tu, mishipa imesimama. Halafu mkono ukaanguka.

Mama alitupa mapazia chini. "Anataka zaidi!" alisema. "Umeona? Anataka sauti zaidi! Mpigie, mpigie!" Alikuwa analia na kucheka, akamshika Baba uso, akamwita kwa jina alilokuwa anamwita kabla mimi sijazaliwa, ambalo sikuwahi kulisikia. Mwenye saluni alikuja na wateja wake wawili, mmoja ana povu kichwani, na Mama akawasimulia wote. Bado anasimulia. Leo asubuhi amemsimulia mwenye kuleta vitambaa.

Mimi sikupiga tena. Nilikuwa nimeshika gitaa nikiikumbuka barua yako ya kwanza, ile iliyo na alama ya duara. Najua kwamba unakumbuka ulichoniandikia kuhusu kifundo cha fazi ya zamani, na upande upi ulikuwa wa kufunga. Mimi nimekiunga kama watu, ulivyoniambia.

Kwa hiyo naandika ili ujue. Alitusikia. Aliijua fazi yake, na mkono wake ulijua pa kwenda. Kama alisikia barua, sijui. Alitaka inyamaze.

Tangu siku ile mkono haujaamka. Anapewa maji kwa kijiko.

Ukipata gari, njoo. Lakini ukifika, Mama atakukalisha kabla hujavua viatu akusimulie jinsi Baba alivyoomba sauti zaidi. Wewe ndiye mtu mwingine pekee anayejua. Nakuomba umsikilize mpaka mwisho, halafu ufurahi.

Betri nimeichomoa. Kifundo nimekiacha pale alipokiacha.

Mwanao,
Msomi